Mwacheni Mzee Anyanyuke: Misuli, Oksijeni na Uzee mjini Lubumbashi

Mhadhara kwa wazee na jamaa zao



Niliombwa niseme juu ya uzee na mazoezi ya mwili. Nilikubali, ila sikuja kuwaambia kwamba mazoezi ni mazuri. Hilo mnalijua tangu utotoni, na kulijua hakujamnyanyua mtu kitini. Nimekuja na shutuma, na inatuhusu sisi watoto na wajukuu: katika mji huu tunawadhoofisha wazee wetu kwa heshima. Baba akishatimiza miaka 65 tunamnyang'anya jembe, ndoo na kapu la sokoni. Tunamnunulia kiti cha plastiki, tunakiweka chini ya mwembe uani, na toka siku hiyo maji analetewa, redio analetewa, hata kandambili anavalishwa. Jirani akipita anatusifu kwa kumtunza mzee. Baada ya miaka michache mzee huyo hawezi kuinuka bila kushikwa kwapa, nasi tunasema ni umri.

Umri una sehemu yake, nami sitaupunja. Lakini sehemu ya kiti ni kubwa kuliko tunavyopenda kukubali, na hiyo ndiyo nitakayoisema leo.

Wazee ninaowazungumzia mnawajua. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, tanuru za Union Minière zikaanza kuyeyusha mwaka 1911, na kwa miongo mingi kila kitu hapa kiliendeshwa kwa mikono na migongo ya bana shaba, wafanyakazi wa shaba. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa chuo kikuu chetu, aliwaandikia kitabu mwaka 2001, wao na jamaa zao, namna walivyoachwa na kampuni iliyokuwa imejifanya baba yao. Mwaka 2003 Gécamines, kampuni iliyorithi Union Minière, kwa fedha za Benki ya Dunia, iliwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Aliyekuwa na miaka 50 siku ile leo amepita 70. Mposho wa unga ulikuwa umekwisha, matibabu yakawa ya kulipia, na wengi wakashika jembe wakalima mahindi nje ya mji. Kwa mifuko yao ilikuwa dhiki. Kwa misuli yao, niseme ukweli, ilikuwa kinga. Ni sasa, watoto walipopata kazi na kuwarudisha nyumbani wapumzike, ndipo miguu inapowaisha.

Jamaa hujibu: "Papa alishinda tanuruni miaka 30, mwili wake umekomaa." Msuli haukumbuki cheo cha zamani. Ushahidi wa maneno hayo nitauleta mbele kidogo. Kwanza tuone ni kitu gani hasa kinachopotea.

Tangu miaka ya 30 mtu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila miaka 10, na akipita 60 mwendo huo huongezeka. Nguvu hupungua haraka kuliko ukubwa, kwa hiyo paja linaweza kuonekana bado limejaa huku uwezo wake umeshakwenda. Nyuzi za msuli zinazotangulia kunyauka ni zile za kasi: za kuruka mtaro, za kuinuka ghafla, za kujizuia mguu unapojikwaa. Nyuma ya nyuzi hizo kuna neva. Seli za neva za uti wa mgongo zinazouamrisha msuli hufa moja moja, na nyuzi zilizobaki bila bwana ama huchukuliwa na neva ya jirani, ama hunyauka. Ndiyo maana mzee haanzi kwa kushindwa kutembea. Huanza kwa kushindwa kukwepa: pikipiki inatokea kona, yeye ameiona vizuri, akili imeshaamua, mguu unachelewa.

Hali hii ilipewa jina la sakopenia mwaka 1988 na Irwin Rosenberg, mtaalamu wa lishe wa Marekani. Ilichukua hadi mwaka 2016 nchi hiyohiyo kuipa namba yake katika orodha ya magonjwa. Wataalamu wa Ulaya waliweka vipimo vyake mwaka 2010 na kuvirekebisha mwaka 2019. Kimoja hutumia kifaa cha kupimia nguvu ya kiganja: mwanamume asiyefikisha kilo 27, au mwanamke asiyefikisha kilo 16, ana dalili. Kingine ni mwendo: mita 4 kwa hatua za kawaida zisichukue sekunde 5 au zaidi. Kingine hakihitaji kifaa isipokuwa kiti na saa, na tutakifanya sasa hivi. Wenye miaka 60 na zaidi, msio na maumivu ya kifua wala goti bovu, kunjeni mikono kifuani. Wanafunzi, simameni kando yao, msiwaguse ila wakiyumba. Mnainuka hadi magoti yanyooke, mnakaa, mara 5 mfululizo, nami nahesabu sekunde.

(Hapa wasikilizaji walifanya jaribio.)

Asanteni. Nimewaona akina mama waliomaliza kabla wanafunzi hawajaacha kucheka. Nimewaona pia akina baba waliosukuma mapaja kwa viganja wakidhani sharti la mikono kifuani haliwahusu. Mpaka wa wale Wazungu ni sekunde 15. Aliyeupita asione aibu wala asikate tamaa. Amejua leo jambo ambalo vipimo vingi vya damu visingemwambia.

Sasa tuingie ndani ya uzi wa msuli wenyewe. Kila mmoja hapa ameshawasha mbabula, jiko letu la makaa. Makaa yakipata hewa hutoa moto, na moto huivisha bukari, ugali wetu, lakini hakuna mbabula isiyorusha cheche. Katika seli zetu mna mitokondria, vyumba vidogo sana vinavyochoma chakula kwa oksijeni ili tupate nguvu. Kiasi kidogo cha oksijeni hiyo hutoka kimegeuka kuwa radikali huru, chembe zenye elektroni isiyo na mwenzi, zenye pupa ya kunyang'anya elektroni kwa chochote kilicho karibu: mafuta ya utando wa seli, protini, hata DNA. Radikali zikizidi uwezo wa mwili wa kuzizima, tunasema kuna msongo wa oksidishaji.

Denham Harman, Mmarekani, alitoa hoja mwaka 1956 kwamba kuzeeka ni malimbikizo ya majeraha ya namna hiyo. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke wakaonyesha kwamba seli ina kimeng'enya chake cha kuzima radikali, kiitwacho superoksidi dismutasi. Aina moja ya kimeng'enya hicho haifanyi kazi bila zinki na shaba. Ndiyo, shaba hii hii. Kila mmoja wetu anayo kidogo ndani ya seli zake, na haikuchimbwa na kampuni yoyote. Panya waliozalishwa bila aina hiyo ya kimeng'enya hupoteza misuli mapema kuliko wenzao, na maungano ya neva na msuli huvunjika kama yanavyovunjika kwa mzee. Kwa hiyo uhusiano wa msongo huu na kunyauka kwa misuli si porojo. Katika msuli uliozeeka mitokondria huwa hafifu, hutoa radikali nyingi kwa nguvu chache, na radikali zikizidi huamsha mitambo ya seli ya kubomoa protini huku ile ya kujenga ikisinzia.

Hapo ndipo wafanyabiashara walipotukuta. Kama radikali zinaharibu, tumeze kitu cha kuzizima! Vitamini C na E kwa dozi kubwa, kopo lenye picha ya mzee mwenye kifua kipana, vidonge vya nguvu vinavyouzwa famasi na vinavyotandazwa juu ya meza kando ya njia. Mtoto aliye ng'ambo akiulizwa nyumbani wanataka nini, hutuma kopo. Hoja inaonekana haina tundu. Tena ilipata nguvu mwaka 1982, pale Kelvin Davies, George Brooks na Lester Packer walipowakimbiza panya huko California hadi wakaishiwa nguvu, kisha wakapima misuli na maini yao: radikali zilikuwa zimeongezeka mara 2 hadi 3. Basi, ukifuata hoja hiyo mpaka mwisho, mzee anayefanya mazoezi anajiunguza mwenyewe, na kiti chini ya mwembe ndiyo dawa.

Lakini wazee wanaofanya mazoezi ndio wenye nguvu. Hapo pana fumbo, na kulifumbua kulihitaji majaribio kwa watu.

Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake nchini Ujerumani waliwafanyisha vijana mazoezi kwa wiki 4. Nusu walimeza vitamini C na E kila siku, nusu hawakumeza. Moja ya faida kuu za mazoezi ni kwamba mwili huitikia insulini vizuri zaidi. Faida hiyo ilionekana kwa wasiomeza vitamini, ikakosekana kwa waliomeza. Mtasema hao ni vijana. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Norway kwa wanaume wa miaka 60 hadi 81 walionyanyua vyuma kwa wiki 12. Waliopewa vidonge bandia waliongeza mwili usio na mafuta kwa asilimia 3.9. Waliopewa miligramu 1,000 za vitamini C na 235 za vitamini E kila siku waliongeza asilimia 1.4. Niwe mkweli kwa upande wa pili pia: nguvu za kunyanyua ziliongezeka kwa makundi yote mawili karibu sawa. Vidonge havikuwalemaza wazee wale. Viliwapunguzia mavuno ya jasho lao, nao walikuwa wakivimeza wakitumaini kinyume.

Maelezo yake ni haya. Radikali zinazotoka msuli unapofanya kazi ni ishara. Seli ikihisi zimepanda kwa muda, huamsha jeni za kutengeneza vimeng'enya vya kuzizima, hujenga mitokondria mpya, hukarabati protini zilizochakaa, na kesho yake inakuwa imejiandaa kuliko jana. Ukizizima zote kwa dozi kubwa kutoka nje, ishara haifiki, na seli haioni sababu ya kujisumbua.

Kuna tahadhari kali kuliko hiyo. Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya jaribio la Finland kwa wanaume wavuta sigara 29,133. Waliopewa vidonge vya beta-karoteni, kizuia-oksidishaji kilichosifiwa wakati huo kuliko vyote, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Msikimbilie kutupa maembe! Embe, chungwa, nyanya, sombe na mboga nyingine za majani zina vitu hivi kwa kipimo ambacho mwili umekizoea. Miligramu 1,000 za vitamini C ni zaidi ya machungwa 10 kwa siku, kila siku, na sijamwona mzee anayekula hivyo hata msimu wa machungwa.

Na kiti je? Hapa ndipo watu hushangaa. Mwaka 1991 watafiti wa Japani waliwafunga panya mguu usitikisike, wakaukuta msuli wake unanyauka na una dalili za msongo wa oksidishaji. Msuli usiotumika nao huzalisha radikali. Kwa hiyo hatuchagui kati ya kuwa nazo na kutokuwa nazo. Zile za mazoezi hupanda kwa dakika chache, zikashuka, mwili ukajibu. Zile za kukaa hubaki pale pale mchana na usiku, hazitoi ishara ya kujenga, zinatafuna tu. Anayempumzisha mzee ili asiungue anamwacha aungue polepole.

Hata namna ya kukaa ina uzito wake. Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, wawindaji na wachumaji, walivalishwa vipimo na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Ilionekana wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa na watu wa mijini, lakini sehemu ya mapumziko hayo wanachuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Nkambo zetu, mababu na mabibi walioketi mkekani, waliinuka kutoka sakafuni mara nyingi kwa siku, na kila kuinuka kulikuwa kunyanyua mwili mzima. Sisemi tuchome viti. Nasema kiti cha plastiki chenye mikono kimewaondolea wazee zoezi ambalo hawakujua kama wanalifanya.

Mtu wa Lubumbashi hawezi kusikia habari za msongo wa oksidishaji bila kuuliza juu ya vumbi, na ana haki. Mwaka 2009 watafiti wa chuo kikuu chetu na wa kile cha Leuven, Ubelgiji, wakiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga. Kwa waliokaa karibu na migodi na viyeyushio, kobalti ilikuwa miongoni mwa viwango vya juu kabisa vilivyowahi kuandikwa kwa watu wa kawaida, wasio wafanyakazi wa kiwandani. Mwaka 2018 wakaongeza habari ya mtaa wa Kasulo, Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti ndani ya makazi yao: kwa watoto wa pale walikuta, pamoja na kobalti nyingi, dalili za DNA iliyojeruhiwa kwa oksidishaji. Haya ni madhara yasiyo na pumziko, kama ya kiti, tena mabaya zaidi, na hakuna zoezi la kuyafuta. Asije mtu akamwambia mzee anayeishi kando ya njia ya malori ya madini kwamba akichuchumaa kila asubuhi atakuwa amejikinga na vumbi hilo. Vumbi ni deni la makampuni na la serikali. Kwa upande wetu linatudai busara ndogo tu: tufanye mazoezi alfajiri kabla barabara hazijachafuka, hasa kiangazi, na penye vumbi tuyafanye ndani ya nyumba.

Niliahidi ushahidi. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake mjini Boston waliwachukua wazee 10 dhaifu wa nyumba ya wazee, wenye miaka 86 hadi 96. Hawakuwapa mazoezi ya kupunga mikono wakiimba. Waliwapa uzito wa kusukuma kwa miguu, mzito kweli, siku 3 kwa wiki kwa wiki 8. Mmoja aliacha njiani. Kwa waliomaliza, nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, msuli wa paja ukanenepa kwa asilimia 9, na wawili wakaacha fimbo zao. Kisha mazoezi yakasimamishwa, na ndani ya wiki 4 tu walikuwa wamepoteza asilimia 32 ya nguvu zao. Hilo ndilo jibu langu kwa habari ya papa na tanuru. Kama mwezi mmoja unaondoa kiasi hicho, miaka ya kitini imeondoa nini? Na upande wake wa heri ni mkubwa vilevile: mwenye miaka 90 ambaye hakuwahi kunyanyua chochote anaweza kuanza.

Mwaka 1994 kundi hilohilo lilirudia kwa wazee 100, wenye wastani wa miaka 87, kwa wiki 10. Wengine walipewa mazoezi, wengine kinywaji cha lishe, wengine vyote viwili, wengine hawakupewa hata kimoja. Waliofanya mazoezi waliongeza nguvu kwa asilimia 113. Kinywaji peke yake hakikuongeza kitu. Nawasihi walio ng'ambo walisikie hili kabla ya kutuma kopo lingine.

Basi tufanye nini nyumbani? Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilisema wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, mazoezi ya nguvu angalau siku 2, na mazoezi ya kuimarisha nguvu na usawa wa mwili angalau siku 3. Kati ya hayo, watu hushika lile la kutembea wakasahau mengine. Kutembea kunasaidia moyo, shinikizo la damu, sukari na usingizi, lakini kwa mwenye miguu iliyokwisha hakutoshi, maana uzito haubadiliki na nyuzi za kasi hazipati sababu ya kuamka. Zile timu za veterani zinazocheza mpira Jumapili asubuhi zinanifurahisha, ingawa wengine wao huisherehekea mechi kwa chupa nyingi kuliko dakika walizocheza. Ila mpira wa mara moja kwa wiki kwa mtu aliyekaa siku 6 ni njia nzuri ya kukata mshipa wa kisigino.

Anzeni na kiti. Kuinuka na kukaa, mara 8 hadi 12, pumzika, rudia mara mbili. Mwenye kushindwa aweke mto juu ya kiti ili kiwe kirefu, na kila wiki apunguze kimo. Anayeona ni rahisi ashike kifuani bidoni ya lita 5 yenye maji, hiyo ni kilo 5. Kisha kupanda na kushuka kizingiti, mguu mmoja mmoja, mkono ukiwa karibu na ukuta. Kisha kusukuma ukuta kwa viganja. Kisha kusimama kwa vidole vya miguu, na kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza. Alama ya kuwa uzito unatosha ni kwamba mara 2 za mwisho ziwe ngumu. Zikiwa nyepesi, umepiga soga tu na kiti. Usizuie pumzi unaponyanyua. Toa hewa unapoinuka, kwa sababu pumzi iliyobanwa hupandisha shinikizo la damu ghafla. Mwenye maumivu ya kifua, mwenye kuhema akiwa amelala, mwenye miguu iliyovimba, aone daktari kwanza. Mwenye shinikizo la damu lililo chini ya dawa asijifiche nyuma yake. Mazoezi ni sehemu ya matibabu yake.

Sahani nayo. Bukari peke yake haujengi msuli. Kikundi cha wataalamu wa lishe ya wazee kilipendekeza mwaka 2013 gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwa mzee asiye na ugonjwa mkali wa figo. Mwenye kilo 60 anahitaji basi gramu 60 hadi 72. Yai lina gramu 6 hivi. Gramu 30 za ndakala kavu, wale samaki wadogo, ambazo ni konzi ya mkono, zina karibu gramu 18. Maharagwe, karanga ndani ya sombe na viwavi vikavu vya sokoni vinajazia. Tazama lakini mezani petu: samaki anakwenda kwa baba mwenye nyumba, vipande vinavyofuata kwa watoto, na nkambo asiye na meno anapewa bukari na mchuzi kwa sababu "hawezi kutafuna." Ndakala husagwa. Yai halihitaji meno.

Na kitanda ni kibaya kuliko kiti. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani ambamo watu 12 wenye afya, wenye wastani wa miaka 67, walilala kitandani siku 10. Walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Hao hawakuwa na malaria, wala homa, wala njaa. Mzee wetu akilazwa kwa malaria siku 10 na ndugu zake wakamlisha, wakamwogesha na kumgeuza kitandani kwa upendo wote, anarudi nyumbani amepona malaria na hawezi kufika chooni. Anayemlinda mgonjwa hospitalini amwinue akae mara homa inaposhuka, amsimamishe, amtembeze hatua chache hadi dirishani, mara kadhaa kwa siku, muuguzi akiruhusu.

Akina mama nawaongezea neno. Wengi wenu bado mnalima, mnabeba, mnauza katika soko la mtaa wetu wa Kenya au la Katuba tangu alfajiri, na misuli yenu inaonyesha. Hatari yenu huanza siku binti anapokuja na gari kuwachukua "mkapumzike" kwake. Nendeni. Ila mkifika mwombeni kazi, na akikataa mkatae chakula. Natania, lakini si sana.

Nina ombi moja la mwisho, nalo linakwenda kwa wauguzi na waganga wa vituo vya afya vya Kenya, Katuba, Ruashi na Kampemba, na kwa walimu wetu wa kitivo cha tiba. Kila mzee anayekuja anapimwa shinikizo la damu na namba inaandikwa katika kadi yake. Andikeni namba ya pili chini yake: sekunde alizotumia kuinuka na kukaa mara 5. Haihitaji mashine, umeme wala fedha za wafadhili, na inachukua chini ya dakika moja. Akipita sekunde 15, mwiteni mtoto aliyemleta, mwonyesheni mazoezi yale palepale, na mmpe tarehe ya kurudi baada ya wiki 8 apimwe tena.